Goli la Mama Ngazi

Uwanja wa chuo ulikuwa na magoli mawili kama uwanja wowote ule, ila waliokuwa wakiutunza walikuwa wamegawana. Goli la upande wa mabweni lilikuwa la mume, la upande wa bomba la maji lilikuwa la mke. Mume aliajiriwa na chuo. Mke hakuajiriwa na mtu, aliolewa tu, na kazi ikaja pamoja na ndoa kama mkia unavyokuja na ng'ombe. Wakubwa wa chuo walikuwa wakimwona kila wiki na nyavu begani, wakimsalimia vizuri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza mama huyu analipwa na nani.

Mume walimwita Mzee Chokaa, kwa sababu yeye ndiye aliyechora mistari ya uwanja na kila jioni alirudi nyumbani mweupe miguuni kama mtu aliyekanyaga unga. Mke walimwita Mama Ngazi, na jina hilo lilikuwa na asili yake. Ngazi ya chuo ilikuwa ya mbao, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, na mtu akiipanda bila kushikiwa ilicheza kama jino la mtoto. Sasa Mzee Chokaa alikuwa mfupi. Bila ngazi asingefika mtambaa panya, ule mwamba wa juu wa goli, hata kwa kuruka. Mkewe alimpita kwa kichwa kizima, na wenye midomo yao walisema kwenye picha ya harusi bwana yule alisimamishwa juu ya tofali. Mama alipanda benchi tu, akanyoosha mikono, akafunga wavu wake chapuchapu, kisha huyo anakata uwanja mbiombio, gauni kalikamata mkononi, kwenda kushika ngazi ya mumewe kabla hajafika juu.

"Ngoja nikushike, wewe! Ukivunja kiuno nitakukanda mimi, si hao wakubwa wako."

"Wavu wako umeufunga au umeuanika kama nguo?"

"Nimefunga. Wewe bado unabembeleza fundo la kwanza."

Kufungua nako kulikuwa hivyohivyo. Mechi ikiisha, nyavu hushushwa, hukunjwa, huwekwa stoo, maana jua hula kamba kama mchwa unavyokula mbao. Mzee Chokaa alifunga mafundo ya kukomoa, halafu siku ya kuyafungua vidole vyake vilivyopindwa na baridi yabisi vikamgomea, akawa anayachokoa kwa msumari huku akiitukana kamba na aliyeisokota. Alipogeuka alimkuta mkewe chini ya ngazi, wavu wake umeshakunjwa na kuwekwa begani, anacheka. Mzee aliamini siri ya mkewe ni urefu tu na vidole ambavyo ugonjwa haujavipata. Siku moja mama alimwambia, "Njoo nikuonyeshe ninavyofunga mimi." Akajibu, "Mimi nafunga kamba tangu wewe hujaota meno." Yakaishia hapo. Watu waliokaa pamoja muda mrefu hawamalizi kila mazungumzo, huyaacha yakilala kiporo kwa kuwa kesho ipo.

*

Mwaka ule ligi ya vyuo ilifunguliwa kwa mechi ya ugenini. Jana yake timu ilifanya mazoezi nyumbani na nyavu zote mbili zilifungwa. Jioni mama akasema kifua kinambana, tuziache, tutafungua kesho.

Kesho yake timu iliondoka mapema kwa basi la chuo, honi zinalia hadi barabara kuu. Jua lilipopanda kidogo, mama alianguka pale kwenye bomba, ndoo ikamwagika ikamlowesha. Mzee Chokaa alikimbilia zahanati ya chuo. Akakuta kufuli.

"Muuguzi kaenda na timu, Mzee," mlinzi akamwambia.

"Kaenda na timu kufanya nini? Mke wangu kaanguka!"

"Bwana Kipaza ndiye aliyesema. Wachezaji kwanza. Kamchukua muuguzi na boksi lake la dawa, na gari dogo limebeba jezi."

Bwana Kipaza alikuwa mkurugenzi wa michezo. Jina lilimkaa kwa sababu hakuwahi kuona kipaza sauti akakipita bila kukisalimia. Mtu mnene, mwenye suti ya michezo isiyojua jasho.

Mzee Chokaa alimpakia mkewe kwenye toroli la chokaa. Alilisukuma lile toroli kwenye njia ya changarawe kwenda barabara kuu, miguu mirefu ya mama imening'inia mbele, na mama, ambaye pumzi ilikuwa haimtoshi, bado akapata ya kumwambia: "Taratibu, bwana, mimi si gunia." Gari la msamaria mmoja liliwafikisha hospitali. Waliompokea mlangoni walimgusa shingo, wakatazamana. Gauni lake lilikuwa jeupe ubavu mzima kwa chokaa.

Timu ilishinda siku hiyo. Basi liliporudi lilipiga honi kuanzia barabara kuu, na honi hiyo ndiyo iliyompokea Mzee Chokaa nyumbani kwake.

Kwenye mazishi Bwana Kipaza alipewa nafasi ya kusema. Alisema mama yetu ametutoka siku ya ushindi, na ushindi ule tunamtunuku yeye. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mzee Chokaa alitazama udongo, akawaza kwamba mtu huyu amechukua muuguzi, amechukua gari, na sasa amekuja kuchukua na kifo chenyewe akifanye sehemu ya ligi yake. Lakini mnyonge hana mkutano. Alikaa kimya, na ukimya ule alirudi nao nyumbani ukawa ndio mwenzake.

*

Nyumba ilikuwa vyumba viwili nyuma ya ukuta wa uwanja. Aliendelea kutoa vikombe viwili kabatini asubuhi, akakirudisha kimoja. Akalala upande wake wa kitanda, ukingoni, kama mtu aliyeambiwa asogee. Binti yao aliyeolewa mbali alimpigia simu kila Jumapili.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Baba jamani! Njoo ukae na sisi. Unafanya nini huko peke yako?"

"Nina kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa ile ile, na pia haikuwa ile. Alipokwenda kushusha nyavu baada ya mazishi, alishusha wa kwake. Alivuka uwanja na msumari mfukoni hadi kwenye goli la mkewe, akainua macho. Mafundo yalikuwa yamepangana kwenye mtambaa panya, madogo, yote yamelala upande mmoja, kila moja na mkia wake mfupi ukining'inia. Mikono ya mkewe ndiyo iliyoyafunga. Nguo zake binti alikuwa ameshazigawa kwa ndugu, sufuria haina alama ya aliyepika. Kitu alichokifanya yule mama kwa mikono yake kikabaki kama alivyokiacha, hapa duniani, kilikuwa hicho tu. Mzee Chokaa akarudisha msumari mfukoni, akaenda zake. Wavu ule akauacha.

Ukanyeshewa. Ukapigwa na jua. Yeye kila mechi alifunga na kufungua wa kwake tu, ngazi ikimchezea, mkono mmoja umekumbatia mlingoti.

Bwana Kipaza aliuona wakati wa mechi ya kwanza ya nyumbani.

"Mzee, wavu ule mbona haushushwi? Mali ya chuo ile."

"Nitashusha."

Hakushusha. Siku hiyo timu ilikuwa nyuma kwa bao moja hadi mapumziko. Kipindi cha pili wakawa wanashambulia goli la upande wa bomba, wakaingiza mawili kabla watazamaji hawajakaa vizuri. Mechi ya nyumbani iliyofuata ikawa vilevile. Basi tena, wachezaji ni watu wa imani zao: huyu hafui soksi, yule anaingia kwa mguu wa kushoto. Nahodha, kijana mmoja mwenye makovu magotini na maneno mengi, akatangaza kwamba lile sasa ni Goli la Mama Ngazi. Wakawa wakishinda sarafu wanachagua upande ili kipindi cha pili washambulie kule. Kabla ya mechi walipita mmoja mmoja wakigusa mlingoti.

Bwana Kipaza aliporudi tena na hoja yake ya mali ya chuo, nahodha ndiye aliyemkabili.

"Mkuu, wavu ule usiguswe. Tutafungwa."

"Mambo ya kishirikina hayo, kijana. Ninyi ni wasomi."

"Sawa, mkuu. Ushushe basi. Tukipoteza, utawaeleza wewe kwa kipaza sauti."

Bwana Kipaza alifikiri. Alikuwa ameshaanza kuhojiwa redioni kuhusu siri ya mafanikio yake. "Uacheni kwanza," akasema, "mpaka mtakapofungwa."

Neno hilo Mzee Chokaa alilisikia akiwa anamwaga chokaa, na likamwingia kama mwiba. Mpaka mtakapofungwa. Maana yake siku timu ikipoteza, wavu unashuka, na mafundo ya mkewe yanakwenda nao. Yeye aliyeichukia timu ile, aliyeona kila bao lao limetolewa kifuani mwa mkewe, sasa ilimbidi aiombee ishinde.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hakuna aliyejua jinsi mzee yule alivyokaa dirishani kila timu ilipocheza ugenini. Redio haikutangaza mechi za vyuo. Alichokuwa nacho ni honi: basi likiwa limeshinda, dereva huanza kupiga kuanzia barabara kuu, likishindwa huingia kimya kama linalorudi mazikoni. Honi ile ile iliyomzomea siku ya msiba, leo anaitegea sikio. Aliposikia pii-pii ya kwanza kwa mbali, mabega yalimshuka, kisha akajichukia, kisha akaenda kupasha chakula cha jana.

Mara moja basi liliingia kimya.

Ilikuwa alasiri, mwanga bado upo. Aliliona likipita getini, taa zimewaka, hakuna mlio. Halafu akalitoa benchi la mama lililokuwa barazani, akalibeba kichwani hadi uwanjani, akalikalia chini ya goli lake. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu akae nayo, yale mafundo, kabla hawajaja.

Nahodha alimkuta hapo, begi bado liko mgongoni.

"Mzee, mbona umekaa kama unalinda maiti?"

"Mmefungwa."

"Nani kafungwa? Tumeshinda! Kipa kadaka penalti, wewe!"

"Honi?"

"Imekufa njiani. Dereva kaipiga kwa furaha mpaka ikakata roho." Kijana akacheka, kisha akagundua mzee amefunika uso kwa viganja. Akaliteremsha begi. "Kumbe unatupenda hivi, Mzee Chokaa. Nitawaambia wenzangu."

Mzee hakumsahihisha. Angeanzia wapi?

*

Timu ilifika mechi ya mwisho bila kupoteza hata moja. Ilichezwa nyumbani, na atakayeshinda ndiye bingwa. Chuo kikapakwa rangi upande unaoonekana na wageni. Mahema yakasimamishwa, viti vya wakubwa vikavishwa vitambaa, na kombe likawekwa mezani likaangaliwa na mlinzi yule yule wa zahanati. Muuguzi naye alikuwepo, boksi lake pembeni ya mstari, zahanati imefungwa kufuli. Mzee Chokaa aliliona kufuli lile akipita na toroli lake, akatema mate chini.

Refa alikuja mapema, mtu mkavu, anayetembea kama anapima shamba. Alikagua mistari, akatikisa kichwa kukubali. Alikagua goli la mabwenini, sawa. Akaenda goli la upande wa bomba, akaingiza kidole kwenye tundu la wavu, akavuta kidogo tu. Kamba ikakatika. Akavuta nyingine. Ikakatika kama utando wa buibui.

"Huu umeoza," akasema. "Mpira utapita. Sichezeshi na wavu huu."

Wanasema akiba haiozi. Wavu huoza. Mzee Chokaa alikuwa amesimama hatua chache, ndoo ya chokaa mkononi, na alijua refa anasema kweli. Alikuwa ameuona wavu ukichakaa mwezi hata mwezi, ukigeuka rangi ya majivu, na kila mara alitazama mafundo tu.

Bwana Kipaza alikuja mbio, jasho kwa mara ya kwanza.

"Kuna mpya stoo, refa. Dakika tu. Mzee! Shusha huo. Haraka."

"Mkuu, ule wavu..." nahodha alianza.

"Nyamaza wewe! Tukikosa kuanza kwa wakati, wageni wanapewa ushindi mezani. Leteni kisu, ukatwe."

"Kisu hakigusi hapa," Mzee Chokaa akasema.

Hakupaza sauti. Lakini aliisema kwa namna iliyofanya hata wanaopanga viti wageuke.

"Unasemaje?"

"Nimesema kisu hakigusi. Nitafungua mwenyewe."

"Utafungua mpaka kesho na vidole hivyo? Tazama mafundo yalivyo mengi!"

"Mkuu," Mzee Chokaa akamwambia, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mazishi, "mara moja nilihitaji kitu kidogo, muuguzi, nikakuta kufuli. Leo sikuombi. Shika ngazi."

Pale penye watu, wageni wanatazama, refa anatazama saa yake, Bwana Kipaza alishika ngazi.

Mzee Chokaa akapanda, msumari katikati ya meno. Miezi yote alikuwa akijiambia siku hii ikifika itamchukua mchana kutwa, kwamba atayachokoa moja moja, polepole, na kila fundo atalipa haki yake kama mtu anayeaga. Alifika juu. Akaliangalia la kwanza kwa karibu. Halikuwa kama lake. Kamba ilikuwa imezunguka mtambaa panya, ikajipenyeza chini yake yenyewe kwa kitanzi, na ule mkia mfupi ukatoka pembeni. Akaushika mkia kwa vidole viwili ili aone umeingilia wapi.

Fundo likafunguka.

Hakuwa hata amevuta. Kamba iliteleza ikaachia, na pembe ya wavu ikaanguka ikampiga begani. Akashika la pili, mkia ukaja mkononi. La tatu. Hayakuhitaji msumari, hayakuhitaji nguvu, mtoto wa kutambaa angeyafungua kama angefika. Bwana Kipaza akasogeza ngazi, mzee akavuta, akasogezewa tena, akavuta, na wavu mzima ukashuka kwa mlio laini kama nguo inayovuliwa, ukajilundika kwenye nyasi. Ulikuwa muda mfupi kuliko wa kuusimulia. Wachezaji wakapiga makofi.

Yeye alibaki juu, amekumbatia mlingoti. Kumbe ndivyo. Kumbe mkewe hakuwa na vidole vya ajabu. Alifunga mafundo ya kuvuta mara moja, ili amalize upesi, ili awahi kukata uwanja, ili mumewe asifike juu ya ngazi mbovu bila mtu chini. Miaka yote. Na alitaka kumwonyesha. Na mafundo yale aliyoyalinda kana kwamba yamefungwa yasifunguke kamwe, mkono wowote wenye utundu ungeyafungua.

Akatazama chini kwa mazoea, mdomo umeshafunguka kumwambia mtu.

Bwana Kipaza alikuwa ameachia ngazi. Simu iliita, akasogea pembeni akiongea na mkubwa wake, mgongo umegeuka. Tangu aisogeze mara ya mwisho, nani anajua kwa mafundo mangapi, mzee alikuwa juu peke yake na ngazi yenye mguu mfupi.

Akateremka polepole, kipago kwa kipago, akitafuta kwa mguu.

*

Wavu mpya ulikuwa mweupe wa kuumiza macho. Nahodha na kipa walisaidia kuunyanyua, na Mzee Chokaa akaufunga kwa mafundo yake mwenyewe, ya kukomoa, kwa sababu mengine hakuyajua. Mechi ikaanza kwa wakati. Akaitazama kutoka kwenye toroli lake, nyuma ya bendera ya kona, na kwa mara ya kwanza msimu ule hakuombea lolote. Washinde, wafungwe, kwake yalikuwa yameisha.

Walishinda. Kipindi cha pili, wakishambulia upande wa bomba, kona ilipigwa, kipa wa wageni akautema mpira, na nahodha akauzamisha kwa kichwa ule wavu mweupe ukafura kama shuka. Uwanja ukapasuka kwa kelele. Kijana alikimbia hadi kwenye toroli, akamkumbatia mzee na jasho lake lote.

"Umeona, Mzee? Goli la Mama Ngazi! Wavu mpya, wavu wa zamani, mama ni yule yule!"

"Hongera, mwanangu," Mzee Chokaa akasema.

Kijana hakuwa na kosa. Alikuwa na furaha tu, na furaha haina macho. Akarudi kwa wenzake wakambeba juu.

Kisha zikaja hotuba. Bwana Kipaza alikipata kipaza sauti chake na hakukiachia. Akamshukuru mkuu wa chuo, akaishukuru wizara, akawashukuru wafadhili, wapishi, dereva, fundi aliyeitengeneza honi ya basi. Akaeleza jinsi leo mchana, wavu ulipoleta hitilafu, yeye mwenyewe kwa mikono yake hii alivyoshika ngazi. Watu wakashangilia. Kiongozi anayejishusha, wakasema. Hakutajwa aliyekuwa juu ya ngazi hiyo, wala aliyekuwa chini yake miaka yote kabla.

Basi likaondoka kuzungusha kombe mjini, wachezaji wamejaa hadi madirishani. Mahema yakatolewa vitambaa. Jua lilikuwa bado halijazama pale uwanja ulipobaki na mtu mmoja, karatasi zinapeperuka, na harufu ya nyasi zilizokanyagwa.

Akashusha wavu wa upande wa mabwenini, msumari ukifanya kazi yake. Akavuka uwanja kwa miguu, ngazi begani, akashusha na ule mpya. Huo ulimchukua muda mrefu zaidi. Mlingoti ukabaki mtupu, mtambaa panya mtupu, na nyuma yake likaonekana bomba la maji, likidondosha tone moja moja kama kawaida, maana tangu aombe wakubwa walitengeneze hakuna aliyekuja.

Wavu wa zamani hakuupeleka stoo. Mali ya chuo au si mali ya chuo, waje wauchukue. Aliuviringisha kwenye toroli, akalisukuma hadi nyumbani. Taratibu. Alijikuta anasukuma taratibu.

Mezani palikuwa na kikombe kimoja. Simu iliita. Ilikuwa binti, na haikuwa Jumapili.

"Baba! Nimesikia mmekuwa mabingwa!"

"Wamekuwa."

"Hufurahi? Mama angefurahi."

"Mama yako," akasema, akakisogeza kikombe pembeni. "Mama yako aliwahi kukuonyesha namna ya kufunga kamba?"

"Kamba? Kamba gani, Baba?"

"Ya wavu. Ile ya kuvuta mara moja."

"Hapana. Mimi nilidhani amekuonyesha wewe. Kwani vipi?"

"Hakuna kitu. Salimia watoto."

Alikata kipande kirefu cha kamba ya wavu wa zamani, pale ilipokuwa bado ina uhai kidogo, akakivuta kiti cha mkewe karibu na dirisha ambako mwanga ulikuwa umebakia. Akaizungusha kamba kwenye mgongo wa kiti. Akajaribu kukumbuka: inazunguka, inajipenyeza chini yake, kitanzi, mkia unatokea pembeni. Au mkia kwanza? Alikuwa ameyaona yote kwa karibu, na yote alikuwa ameyavuta kabla hajajifunza hata moja.

Kwa mbali, barabara kuu, basi lilianza kupiga honi, ndefu, ya ubingwa, likikaribia. Mabega yake yakashtuka kutaka kushuka, kama yalivyozoea. Kisha yakakumbuka kwamba hakuna tena linalosubiriwa.

Akaukamata mkia wa kamba kwa vidole viwili, akavuta.

Fundo likakaza.

Akatafuta msumari mfukoni, akalichokoa, akaanza upya.